Pikapu na Mifuko Ishirini na Sita

Kigari cha kuchezea nilikinunua kwa muuza mitumba. Kilikuwa kimetupwa kati ya mwanasesere asiye na kichwa na viatu vya upande mmoja. Kilikuwa pikapu ya chuma, ile ya kumiminwa kwenye kalibu, ndefu kupita kiganja changu. Nyekundu, ndimi za moto ubavuni, rimu zinang'aa kama meno ya bwana harusi.

"Mzee, unampelekea mjukuu?" muuzaji akaniuliza.

"Nampelekea Mkuu," nikamjibu.

Mkuu ndiye mkubwa wa zahanati yetu. Nilimwendeshea pikapu nyeupe ya wagonjwa miaka kumi na tisa, mpaka wakaiuza kama chuma chakavu na mimi wakaniambia nikapumzike. Sasa wamejenga mapokezi mapya, ukutani wametia kabati la vioo la kumbukumbu. Mkuu akamtuma mtunza stoo kwangu. Mtunza stoo tunamwita Ndiyo Mkuu, maana hata simu ikilia mfukoni hujibu hivyo kabla hajaitoa.

"Mkuu anataka mfano wa ile pikapu," akasema. "Mikono yako anaijua. Itengeneze kama ilivyokuwa. Jina lako litaandikwa chini yake."

Kama ilivyokuwa. Basi sawa.

Nilikaa nayo meza ya jikoni wiki tatu. Nilitoboa ribiti mbili za chini kwa keekee, nikaifungua, bodi nikailoweka kwenye dawa ya kutoa rangi mpaka ule wekundu ukabanduka kama ngozi iliyoungua. Nikapiga msasa, nikapulizia nyeupe mara tatu, nyepesi nyepesi, maana ukiwa na pupa rangi inatiririka. Mlango wa kushoto ulikuwa na bonde, kabla ya rangi nikalijaza gundi ya chuma, nikalisawazisha kwa tupa. Asiyejua angeligonga nyundo, na chuma cha kalibu hakibonyei, kinapasuka. Ekseli ya nyuma niliishusha hadi madigadi yakakaribia kulalia matairi. Kisha nikakata vipande vya mfuko halisi wa saruji, nikashona vifuko, nikavijaza plasta. Ishirini na sita. Kila kimoja nikakifunga skrubu kutoka chini.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa mifuko ishirini na sita, na gari ni la tani moja. Mke wangu alianza kuvuja damu asubuhi, majirani wakamkimbiza zahanati, wauguzi wakasema apelekwe hospitali kubwa upesi. Kwa gari lipi? Gari lilikuwa kwenye kiwanja cha Mkuu, linashusha saruji ya nyumba yake. Liliporudi, mama watoto ameshafunikwa shuka. Nilipouliza, wakaniletea fomu ya kuchukua maiti nitie dole gumba.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja kunipikia Jumapili. Akaiona pikapu mezani. Akaizungusha, akaiinua hadi machoni, akachungulia dirishani.

"Shemeji, hili gari lilijiendesha?"

"Nini?"

"Usukani nauona. Dereva simwoni."

"Niliamriwa," nikasema. "Ningefanyaje? Ningekataa, angenifukuza siku ile ile."

"Najua uliamriwa. Sijauliza hivyo. Umeichonga saruji ya Mkuu, vizuri sana. Wewe je, ulikuwa wapi? Mbinguni?"

Nilimfokea. Nilimwambia hajui kazi ya kuajiriwa, hajui wakubwa. Akaendelea kumenya viazi. Nikabaki natazama kile kiti kitupu, kikawa kama jino lililong'oka, ulimi hauachi kwenda pale.

Alipoondoka nikachukua keekee, nikatoboa tena ribiti nilizokwisha kuzifunga. Nikamtengeneza dereva kwa waya na gundi ya mbao. Kofia ya kahawia, masikio makubwa. Mikono yote miwili kwenye usukani.

Ndiyo Mkuu alipokuja kuichukua, aliitazama mpaka jasho likamtoka.

"Wewe mzee, una wazimu? Mkuu anataka machela hapa nyuma, na mgonjwa kalala!"

"Alisema kama ilivyokuwa. Siku ile mgonjwa hakupanda."

"Toa hii mifuko. Jina lako litaandikwa kwa shaba, bwana. Shaba!" Akajaribu kuukwanyua mmoja kwa kucha. Kucha ikavunjika, mfuko ukabaki.

"Imefungwa skrubu," nikamwambia. "Kazi nzuri haing'oki. Mwambie nitaileta mwenyewe."

Siku ya uzinduzi nilivaa shati langu la kazi. Mkuu alikuwa mlangoni na wageni wake, mkasi mkononi, utepe mbele yake. Kando, wagonjwa wamepanga foleni juani, kwani mlango wao ulifungwa mpaka hotuba ziishe. Mkuu akaitazama pikapu, akatabasamu kwa ajili ya wageni, akaniinamia sikioni.

"Mzee wangu, una uchungu, tunaelewa. Kaiweke nyumbani."

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nimempisha miaka kumi na tisa. Safari hii na yeye anipishe.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwenye foleni, nikainyanyua pikapu waione. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea.

"Baba, gari gani hili limelemewa hivi?"

"La wagonjwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nao wakaacha.

"Na dereva ni nani?"

"Ni mimi. Mke wangu alikuwa hapa ndani anakufa, mimi nashusha saruji."

"Saruji ya nani?"

Nikanyoosha kidole mlangoni, kwenye mkasi. Foleni nzima ikageuka. Mlinzi akaja kunishika mkono, yule mama akamwambia, "Mwache amalize." Nami nikamaliza, tangu asubuhi ile hadi fomu na dole gumba.

Kabati la vioo bado tupu. Zahanati hufunguliwa saa mbili. Saa mbili kasoro robo nimeshafika kwenye foleni, pikapu mkononi, na kila siku kuna mtu ambaye hajasikia.