Taa ya Jikoni

Chiriku aliingia studio kifua mbele, kama mtu asiye na habari na mapenzi. Mwongo mkubwa! Tangu asubuhi alikuwa akivaa gauni na kulivua, na dada yake, ambaye huitikia naye kwenye bendi, alishachoka kucheka.

"Mdogo wangu, tunakwenda kuimba au kuposwa?"

"Kazi ni kazi, dada."

Kazi yenyewe ilikuwa ya mpiga gitaa, mtunzi na mwimbaji wa bendi, yule yule ambaye Chiriku alimwacha kwa sababu ya ububu wake. Kwenye nyimbo hashikiki, lakini kumwambia mpenzi wake neno moja tamu, ulimi unaingia ganzi. Siku Chiriku alipobeba begi, jamaa alisema "Haya," akaendelea kukaza nyuzi. Haya! Neno hilo lilikuwa limemkaa kooni mpaka leo.

Bendi hiyo ina mtindo wake: waitikiaji hufundishwa kiitikio tu. Mashairi huyasikia wakati wa kurekodi, maana mtunzi huyamalizia akiwa mlangoni. Kiitikio cha safari hii kilikuwa "Nimeshasahau," na Chiriku alikifanyia mazoezi huku anafua, kwa hasira, povu likiruka.

Fundi mitambo akanyoosha kidole gumba nyuma ya kioo. Gitaa likaanza. Ubeti wa kwanza ulikuwa malalamiko yale yale ya redioni, moyo umevunjika, usingizi umeruka. Chiriku akaitikia na kubetua mdomo. Ukaja wa pili:

"Taa ya jikoni siizimi usiku,
usijikwae kizingitini ukirudi."

Moyo ukamlipuka! Nani mwingine duniani hujikwaa kwenye kizingiti kile? Kila akiamka kunywa maji, kidole kile kile, na jamaa anacheka chini ya shuka. Kumbe! Kumbe bubu ana maneno! Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Jamaa mwenyewe kainamia gitaa, jasho linamtoka.

Zamu ya kiitikio ikafika. Aseme amesahau? Irekodiwe, watu waicheze kwenye harusi zao? Thubutu! Akamkanyaga dada yake mguu ili anyamaze, akaimba peke yake:

"Zima taa, nimefika!"

Sauti ya gitaa ikakatika.

"Nyie vipi?" fundi mitambo alifoka. "Ilikuwa inakwenda vizuri!"

Dada alikuwa ameshika mguu, analia na kucheka kwa pamoja. Mpiga gitaa akainua uso. Hapo Chiriku akaingiwa na hofu ya kweli, maana wimbo ulikuwa umekwisha na sasa mtu huyu alipaswa kuongea.

Akavua mkanda wa gitaa begani. Akaliweka chini, akabaki na mikono mitupu asiyojua aipeleke wapi.

"Usiondoke tena," alisema. "Nyumba imenishinda bila wewe. Nakupenda, na siku ile nilitaka kukuzuia, nikashindwa."

Chiriku alikuwa na maneno mengi aliyomwandalia tangu siku aliyobeba begi. Yote yalimpotea.

"Haya," alisema.