Jina la Rispah kwenye Skrini

Twaiba alifundisha kompyuta katika kituo cha kina mama Msambweni. Kulikuwa na kompyuta moja tu, yenye mfumo wa Linux, na wanafunzi waliitumia kwa zamu. Ilipowashwa, skrini ya kuingilia ilionyesha majina yao wote, kila jina na picha yake.

Rispah alikuwa mmoja wao. Alikuwa amemkimbia mumewe, Sanga, baada ya kuvunjwa mkono. Asubuhi hiyo aliingia akihema.

"Mwalimu, Sanga yuko stejini, kwenye matatu. Anawaonyesha watu picha yangu."

Twaiba alimfungia stoo. Alipogeuka, sura ya Rispah ilikuwa ikitabasamu kwenye skrini. Kuizima hakungesaidia, Sanga angeiwasha. Kule Ukunda alikuwa ameingia saluni kumtafuta Rispah, akapekua hadi droo.

Twaiba aliingia kwa jina lake, akafungua faili la mipangilio ya skrini hiyo, akaongeza mstari wa kuficha orodha ya watumiaji. Aliandika haraka haraka. Akaiwasha upya mashine.

Skrini ikawa nyeusi, tii.

"Hodi hapa!" Sauti ya kiume, mlangoni.

"Ngoja kidogo, sijajistiri!"

Alibonyeza vitufe mpaka maandishi meupe yakatokea, akalisoma faili upya. Herufi moja ilikuwa imeruka. Aliirudisha, akaiwasha tena, na mlango ukasukumwa.

"Namtafuta mke wangu, Rispah," Sanga alisema kwa upole. "Nimeambiwa anasomea hapa."

"Hapa wanapita wengi, baba. Huyo simjui."

Sanga aliketi mbele ya mashine bila kukaribishwa. Picha na majina yalikuwa yametoweka, kimebaki kisanduku kitupu cha kuandikia jina. Akachapa kwa kidole kimoja, polepole: Rispah. Mashine ikadai neno la siri.

Akageuka. "Inamjua. Inataka neno lake la siri."

 Hilo Twaiba hakuwa amelifikiria.

"Mashine hiyo humdai kila mtu," alisema. "Jaribu jina lako."

 Sanga akachapa jina lake, na mashine ikamdai neno la siri vilevile. Aliinuka, akasimama mbele ya mlango wa stoo.

"Mna nini humu?"

"Viti vibovu."

Akasikiliza. Twaiba aliomba dua moyoni, Rispah asikohoe. Hatimaye Sanga akatoka bila kuaga.

"Amekwenda?" Rispah alinong'ona.

"Bado yuko ng'ambo ya barabara. Tulia hivyo hivyo."

Twaiba alimpigia simu Husna, msimamizi wa kituo, ambaye alileta gari nyuma ya jengo. Rispah akalala sakafuni mwa gari, mbele ya viti vya nyuma, akafunikwa kwa leso ya kujitanda. Husna alitaka kutaja anakompeleka, lakini Twaiba akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie," alisema. "Akirudi, nataka niwe sijui kweli."