Kambi ya Fidla ya Nyakasanza

Mama yake alipokataa mara ya kwanza, Kaswera hakulia. Alifua nguo zote za nyumbani, akazianika, akarudi kuuliza tena.

"Mama, iko camp ya vacances tu, ya wakati masomo inafungwa. Mwalimu Isidore atafundisha violon batoto ya quartiers yote."

"Ya quartiers yote, mitaa yote!" Mama Musoki aliacha kuchambua mchele. "Hata ya bale balivunja magasin yetu? Vita haiyaisha, na weye unataka kuikala nabo?"

"Minataka kupiga pamoja na batu. Peke yangu nimechoka."

Ilikuwa Julai 2003. Bunia ilikuwa ndiyo kwanza imetoka katika mapigano ya Mei, mtaa dhidi ya mtaa, na askari wa kigeni walikuwa wakizunguka mjini na magari yao ya kivita. Kaswera na mama yake walikuwa wamerudi mtaani Lumumba kutoka ukimbizini na kukuta duka lao limebaki kuta. Kitu pekee cha maana walichokimbia nacho kilikuwa fidla ya marehemu baba yake. Yeye ndiye aliyemfundisha, na tangu azikwe, binti alikuwa akiipigia chumbani, mlango umefungwa.

Alipouliza tena jioni ile, mama alisalimu amri. "Nenda. Lakini ukisikia masasi, ulale chini. Na usiamini mutu."

Kambi ilikuwa katika ukumbi wa parokia, huko Nyakasanza. Mwalimu Isidore, mtu mrefu aliyejifunza muziki seminarini, aliwapanga watoto wawili wawili, kila wawili na karatasi moja ya nota. Kaswera alikalishwa pamoja na Brigitte. Kaka yake Brigitte, Roger, alikuwa miongoni mwa vijana wenye bunduki waliovunja maduka ya barabara yao. Kaswera alisogeza kiti chake hadi ukutani.

"Rudisha kiti," mwalimu alisema.

"Mwalimu, na huyu siwezi."

"Kupiga unaweza?"

"Ndiyo."

"Basi rudisha, tupige."

Kaswera alipiga kwa hasira, haraka, bila kukosea hata nota moja, na kundi zima likavurugika nyuma yake. Mwalimu Isidore akasimamisha.

"Kaswera, hapa hakuna mwenye anakupita kwa vidole. Lakini unapiga sawa na mutu mwenye kukimbia peke yake. Sikiliza pumzi ya Brigitte. Yeye akivuta, na weye vuta."

Hakuna aliyewahi kumwambia hajui kitu cha fidla. Aliutazama mlango, uliokuwa wazi, kisha akainua upinde wake tena. Kuondoka kungekuwa rahisi mno.

Alirudi kesho yake, na kila siku iliyofuata. Mambo ambayo chumba chake kisingemfundisha kamwe yalianza kumwingia: kungoja, kushusha sauti ili ya mwenzake isikike, kujua kwa sikio kwamba kidole kimekosea kabla ya mwalimu kusema. Brigitte naye alikuwa akiiba kwa macho kila alichofanya Kaswera. Siku moja, wakila mihogo mapumzikoni, alisema bila kuulizwa:

"Roger ameenda na bale ya bunduki, hatujue yeye iko wapi. Mama analia kila siku. Miye sikuvunja kitu ya mutu."

Walipoingia ndani Kaswera aliuvunja ulimbo wake wa kupaka upinde, akampa nusu.

Asubuhi iliyofuata risasi zilisikika upande wa soko. Wote walilala sakafuni, fidla zimekumbatiwa vifuani. Kulipotulia, mwalimu aliuliza nani anataka kusindikizwa nyumbani. Mikono michache ilianza kuinuka. Kaswera alikuwa ameshakaa kitini.

"Tuanzie pale tuliachia," alisema. Brigitte akakaa kando yake, akavuta pumzi, wakaanza.

Siku ya kufunga kambi wazazi walijaa ukumbini, kila mtaa benchi zake. Kaswera ndiye aliyepewa sehemu ya kupiga peke yake. Lakini nyuzi za kununua hazikuwapo Bunia, na uzi wake mwembamba ulikuwa unyuzi uliochomolewa katika waya wa breki ya baiskeli. Ulikatika ghafla, muda mfupi kabla ya zamu yake.

Brigitte alimnyooshea fidla yake palepale. Kaswera aliitazama, akatikisa kichwa.

"Piga weye," alinong'ona. "Unaijua."

Brigitte akapiga. Mwanzo sauti iliyumba, na Kaswera, kwa nyuzi tatu zilizobaki, akamshikia sauti ya chini mpaka ikatulia. Walimaliza pamoja. Makofi yalitoka benchi zote, ingawa si kwa nguvu sawa.

Nje, Mama Musoki hakumsalimia mama yake Brigitte. Alimwangalia tu binti yule kwa muda mrefu, kisha akamgeukia wake.

"Kwa nini umemwachia?"

"Angeweza, Mama. Nimemusikia kila siku."

Vita haikuisha mwezi ule, wala mwaka ule. Lakini mwalimu Isidore alipotangaza mafunzo ya wanaoanza, kila Jumamosi ukumbini humo, Kaswera alijiandikisha kufundisha. Mama alimwuliza atafundisha na nani.

"Na Brigitte," alisema, akafunga kamba za viatu. "Batoto banangoja."