Gauni Lililochukuliwa Gizani

Kwaru, kwaru. Mkasi ulikwaruza meza gizani. Umeme ulikatika jua lilipozama tu, na mama alikuwa akiupapasa mkasi huo auondoe, bintiye asije akajikata. Mara mlango ukasukumwa bila hodi.

"Fundi wa kusomea, gauni langu liko wapi?"

Ni wifi yake. Huyu huyu aliyebeba cherehani ya mama siku kaka yake alipomtelekeza mama. "Mali ya kwetu," alisema siku ile, na sasa ameiwekea televisheni juu. Mama akaenda darasa la jioni la akina mama, akajifunza upya kwa cherehani ya darasa, bintiye akiwa bado wa mgongoni.

"Bado, wifi. Nimelipiga bandi tu, upate kulijaribu. Kesho ndiyo nalishona."

"Wewe kwa visingizio! Shughuli si ndiyo hiyo kesho?" Akalinyakua kitini, huyoo.

Mama angeweza kumkimbilia. Bandi ni uzi wa kushikiza tu, ukivutwa unaachia. Mwalimu alishamgombeza: piga bandi kwa uzi mweupe, uonekane. Yeye alizoea uzi wa rangi ya kitambaa, wifi asingeuona. Akaketi, moyo baridi kama maji ya mtungi.

Lakini kesho yake alikwenda ukumbini na bintiye, sindano mkobani. Hakumhurumia wifi, alilihurumia jina lake mwenyewe. Waalikwa wale ndio wateja aliokuwa akiwaota. Gauni likifumuka mbele yao, nani atamletea kitambaa? Amvute pembeni, amshonee upesi, yaishe.

Wifi akamwona, akashika kiuno. "Jamani, mwoneni fundi wangu. Nimemfundisha mwenyewe, kwa cherehani yangu. Alikuja kwetu hata kifungo hajui kukishika."

Wakacheka. Mama akafunga zipu ya mkoba, taratibu.

"Umependeza, wifi. Keti basi, usije ukachoka."

Wifi akaketi kwa maringo. Traaa. Ubavu mzima, kutoka kwapani hadi nyongani. Akajikumbatia, macho yamemtoka pima.

"Mnaiona kazi yake? Msimpe hata leso ashone."

Nyuso zote zikamgeukia mama. Roho ilikuwa imesuuzika. Lakini kazi ndiyo hiyo inakwenda. Binti akaachia mkono wake, akausogelea uzi uliokuwa ukining'inia kwenye gauni, akausokota kidoleni, kisha akasema kwa sauti:

"Shangazi, mama alikwambia bado hajashona."