Foleni ya Mzee Tolliver

Katika mji ule wa Alabama, siku ya watu weusi kwenye jumba la sanaa ilikuwa Alhamisi. Basi kila Alhamisi, akishatoka shuleni alikofundisha uchoraji, Odelia Tolliver aliingia kwa mlango wa nyuma, akapangusa viatu, akaenda kumtazama baba yake.

Mzee alifariki mwaka 1959 bila kuandikishwa kupiga kura, ingawa mtihani wa karani kujaribu alijaribu mpaka soli zikaisha. Odelia alimchora miaka minne baadaye, wa mwisho kwenye foleni ya kujiandikisha mbele ya mahakama. Picha aliiita Tunasubiri. Jumba liliinunua, likaitundika kwenye ujia wa jikoni na kuibandika jina jingine: Weusi Wakipunga Upepo.

Foleni ndani ya picha ilianza kusogea wiki ya pili. Kila siku ya kazi mtu mmoja aliingia mlango wa mahakama, akatoka mikono mitupu, akarudi mkiani. Habari zilipoenea, marehemu wengine wa mji nao wakajipanga.

"Mwalimu, jana kaja shangazi yangu Verna," alisema Cephus, mfagiaji wa jumba. "Kufa kafa, lakini mdomo haujafa. Kashaanza kugombana na watu huko nyuma."

"Na baba yangu?"

"Leo zamu yake. Kaingia sasa hivi."

Odelia alisubiri. Nusu saa baadaye mzee alitoka, kofia mkononi.

"Wamekuuliza nini, Baba?"

"Mche mmoja wa sabuni unatoa mapovu mangapi."

"Ukajibu nini?"

"Nikamwambia karani alete sabuni na beseni, tuhesabu wote. Kasema nimefeli."

Odelia alitamani kulia. Brashi alikuwa nayo kwenye mkoba. "Ngoja nikuchoree cheti."

"Cheti chako hakimo kwenye daftari lao, mwanangu. Itunze rangi yako."

Mzee akaenda mkiani. Lakini Odelia alikuwa ameichora foleni karibu na ukingo, na sasa watu walikuwa wamejaa. Ikabidi asimame mguu mmoja ndani ya picha, mwingine ukutani, nje ya fremu. Hakulalamika. Verna ndiye aliyelalamika, kwamba kuna mtu anamsukuma.

Kesho yake, Ijumaa, mama mmoja mzungu alimfuata mkurugenzi, akamweleza kwa upole kwamba kuna mtu mweusi ndani ya jumba siku isiyo yake. Mkurugenzi alikwenda ujiani, akautazama ule mguu, akakubali kwamba kanuni imevunjwa. Jumamosi Odelia aliitwa.

Alikuja na kipande cha turubai, upana wa viganja viwili, akakishonea ukingoni kwa mshono ule ule ambao mama yake alitumia kuunga vitambaa vya mablanketi. Akachora lami, na kivuli kidogo, kwa sababu jua la Alabama halina huruma. Mzee aliingiza mguu wake ndani, akamshukuru. Mkurugenzi naye alishukuru. Alisema kazi ni safi.

Brashi ilikuwa bado na rangi mbichi, kwa hiyo Odelia aliuliza kama angeweza kuurekebisha na ule mlango wa mahakama.

Mkurugenzi aliinama, akauchunguza kwa makini.

"Mlango hauna tatizo," alisema.