Samli ya Bibi Limi

Mama mkwe wangu, Bibi Limi, ni bingwa wa tiba. Shule hajaikanyaga, lakini ugonjwa wa mwanangu Mageni aliujua kabla hajashuka kwenye bodaboda: njaa. Akaingia kwangu hapa Kambarage na kibuyu cha samli, akamtazama mtoto, miguu njiti, tumbo limevimba.

"Shikamoo, mayu," nikasema, nikimwita mama kwa kilugha chao.

"Chakula cha mtoto unakula wewe?"

Marahaba yenyewe hiyo!

Akampa samli. Mageni akafumba mdomo. Bibi akamziba pua, mtoto akameza. Utaalamu huo! Baadaye ikatoka, kinyesi kimepauka, mafuta yanaelea, harufu imefika kwa jirani. Bibi hakuchungulia; akaona dawa ni kuongeza kijiko. Naam, ndoo inavuja, wewe zidisha maji.

Mume wangu, Sostenes, aliporudi kutoka machimboni Rwamgasa, tukampeleka mtoto hospitali kubwa. Wakampima damu, wakachukua na kinyama cha utumbo. Daktari akatueleza, "Utumbo wake unayapokea mafuta, ila hauwezi kuyafungasha yasafirishwe kwenye damu. Yanarundikana palepale. Na kuna vitamini zinazosafiri na mafuta, nazo zinakwama. Bila hizo atapofuka, na miguu itakosa nguvu. Acheni samli kabisa. Vitamini nitampa kwa dozi kubwa."

"Kumbe!" Sostenes akasema. "Mawe yamechimbwa, viroba vya kuyabebea hakuna."

"Hasa," daktari akasema.

Nikarudi nyumbani nimefurahi, mjinga mimi. Bibi Limi alisikiliza habari za viroba mpaka mwisho, kisha akachukua kanga na kumfunga Mageni mgongoni.

"Naenda kumlea kijijini. Ng'ombe wangu hawahitaji viroba."

Nikamgeukia Sostenes. Mwanaume huyu anashuka shimoni kwa kamba bila kutetemeka, lakini mbele ya mama yake anatazama vidole vya miguu. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Mwanangu alikuwa anapelekwa kufa kwa upendo, na baba yake anahesabu kucha!

"Daktari amesema ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na kwa mama," nikafoka. "Kwa hiyo na kwenu upo!"

Bibi akacheka. "Kwetu? Kwetu watoto wananenepa. Huo umekuja nao wewe."

Alikuwa ameshafika mlangoni Sostenes alipofungua mdomo, taratibu.

"Mayu. Abel na Suzana je?"

Miaka yote ya ndoa sikuwahi kuyasikia majina hayo. Bibi akasimama. Kisha akakaa kizingitini na mtoto mgongoni.

"Wadogo zangu," Sostenes akaniambia. "Walikonda tu, wakafa."

Bibi hakumtazama. Aliniuliza mimi, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na ubingwa wowote.

"Hicho choo cha Mageni. Mafuta yanaelea kweli?"

"Yanaelea, mayu."

Akafungua fundo la kanga, akanipa mwanangu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, nimeyanoa wiki nzima. Badala yake nikakaa kizingitini kando yake.

"Abel naye alikuwa anafumba mdomo hivihivi," akasema. "Nikawa namziba pua."