Kaburi la Mgomba

Tangu kiwanda cha kahawa kifunguliwe juu ya mlima karibu na Kiogoro, chemchemi ya bondeni ilinuka. Maji ya kuoshea kahawa yaliteremka yakioza njiani, na watoto walioyanywa wakaharisha. Mtoto wa jirani mmoja, Ombui, alikuwa amekwisha kuzikwa. Dawa, alisema fundi, ni shimo refu la kuyameza maji machafu kabla hayajafika chini. Kila walipochimba waligonga mwamba. Udongo laini ulikuwa kwa mama mmoja tu, Persis: chini ya nyumba yake, ambayo aliapa hatahama mpaka mwanawe arudi, na kando yake, kwenye kaburi la mwana huyo, Angwenyi.

Humo hakulala Angwenyi. Kijana alikwenda vitani Burma. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao ya jeshi, yeye hakuonekana. Baba yake mdogo, Onchiri, akakata shina la mgomba, akalivika shuka na kulizika ili ukoo utulie. Persis hakulia, hakunyoa nywele. Kila jioni alipakua sahani mbili za ugali wa wimbi. Majirani walikwepa kupita kwake wakati wa magharibi, maana walimsikia akizungumza, kisha akinyamaza kama anayejibiwa.

Sasa Onchiri, mwenyekiti wa kiwanda, ndiye aliyekuja kuliomba kaburi. Aliulizia mahindi, akaulizia kuku, akaulizia goti la shemeji yake linalomuuma. Persis akamkatiza.

"Shemeji, ulizika nini pale?"

"Mgomba."

"Basi chimba. Maji yakizama, hapana mtu pale, na usimwite tena mwanangu marehemu. Yakikataa, nitanyoa."

Onchiri aliondoka kichwa chini. Miaka miwili alikuwa akimsihi mama huyu akubali kifo. Leo alihitaji kijana awe hai.

Walichimba. Hawakuona shina, wala uzi wa shuka. Kila mmoja alijiambia vimeoza, lakini nyimbo zilikatika. Mfereji ulipofunguliwa, maji meusi yaliingia yakazama. Mchimbaji mmoja akasema shimo linakunywa kumshinda Onchiri kwenye pombe ya harusi, na Persis mwenyewe akacheka. Jioni hiyo alichinja jogoo, akapakua sahani mbili.

Chemchemi ikaanza kung'aa. Kisha, mavuno yalipopamba moto, shimo likashiba. Fundi alisema ute wa kahawa umeziba udongo, wakaukwangua. Maji yalisimama vilevile, hayapandi, hayashuki.

Asubuhi moja Onchiri alimkuta Persis amepiga magoti ukingoni, ametenga povu kwa mkono, anatazama chini. Naye akainama. Aliona nyuso mbili, wake na wa shemeji yake, na kati ya nyuso hizo nafasi, kama watu waliojisogeza kumpisha wa tatu.

"Shemeji," Persis alisema, "leta wembe."

Wanawake walimnyoa palepale. Kilio kilichokaa miaka miwili kikatoka chote, hata ng'ambo ya bonde wakasimamisha majembe.

Alipomaliza kulia, aliwaambia walifukie kaburi na kuibomoa nyumba yake. "Chimbeni penye jiko. Sina tena wa kumngojea mlangoni."

Maji yakazama pale mafigani, na chemchemi ikapona. Persis alihamia upande wa pili wa mlima, na sahani moja. Lakini wachotaji wanaochelewa huharakisha hatua wakifika kwenye shimo. Ndani yake kuna mtu anazungumza, kisha ananyamaza, akingoja kujibiwa.